Kombeo la Mtu Mrefu

Maretadu,
16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Kornelia, ingawa mwandiko utakuwa umeshautambua. Natumaini wewe ni mzima, wifi yangu Ernestina ni mzima, na ng'ombe wamepata majani baada ya mvua hizi. Sisi huku hatujambo. Hilary anakusalimu; mgongo wake umetulia tangu aache ubishi wa kubeba magunia peke yake. Belinda yuko darasa la tano na ameanza kunisahihisha Kiswahili changu, mimi mama yake. Maharage yametoa maua, na mahindi yamenifika kiunoni. Wewe unajua kiuno changu hakiko mbali na ardhi.

Ningempigia simu Ernestina akuambie haya, lakini masikio yako yamekuwa mazito, na nikifikiria anavyopiga kelele sikioni mwako mpaka majirani wote wajue habari zetu, naona heri karatasi. Barua nimempa Rogers, konda wa basi la Katesh. Mpe na wewe majibu, atanifikishia.

Sasa shida yangu, Baba. Tumbili wa korongoni mwaka jana walikula robo ya shamba. Hata mbwa wetu wameshamzoea, wao wanamrushia magunzi naye anatikisa mkia. Nimeamua kutengeneza kombeo. Najua utacheka, lakini nilikuwa nakaa karibu yako ukisuka, ingawa ulikuwa ukimfundisha Yonas na si mimi. Haydom madukani kuna manila, kuna katani ya duka, kuna uzi wa kushonea magunia, na kuna ile kamba ya plastiki ya bluu na ya kijani. Hilary anasema ngozi. Wewe unasemaje?

Na lile la kaka Yonas, lile lililokuwa likilia hewani mpaka ng'ombe wanageuza vichwa kabla jiwe halijatoka, ulilisuka kwa kamba gani? Na urefu wake ulikuwa kiasi gani? Nataka la aina ile ile.

Nisalimie Ernestina.

Mwanao,
Kornelia


Hirbadaw,
9 Aprili 2025

Kornelia mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa siku nane chini ya kiti cha Rogers pamoja na vitunguu vya mtu, kwa hiyo nimeisoma huku natoka machozi. Mwambie aache tabia hiyo.

Sisi ni wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, Ernestina anamwita Jumapili kwa sababu alizaliwa watu wakiwa kanisani. Magoti yangu yananisumbua asubuhi, jua likipanda yananisamehe. Vidole ndiyo vimekataa kabisa. Ernestina ni mke mwema. Kila jioni anatenga sahani ya Yonas, anaifunika, na asubuhi ndipo anampa mbwa. Akirudi hatakuta nyumba imemsahau.

Tuje kwenye kombeo. Umekua, unaniuliza mambo ya maana. Mumeo Hilary mpe pole, ngozi hajui. Ngozi ikilowa inarefuka, ikikauka inakuwa ngumu na kufupika, na kamba mbili za kombeo hazitarefuka sawasawa hata siku moja. Asubuhi ya umande utarusha mbele, mchana jiwe litakufuata wewe. Ngozi ni ya kitako tu, pale jiwe linapolala. Manila ni nzito na ina kiburi, haikai mkononi. Uzi wa magunia hukata vidole. Sufu ya kondoo ni nzuri kwa mwenye subira ya kuisokota, lakini wewe subira ulimwachia nani? Katani ya duka wanaipaka mafuta, inafaa kumfungia mbuzi anayekwenda mnadani, basi.

Plastiki hapana.

Chukua mkonge, Kornelia. Kata majani ya chini ya mmea, yale yaliyokomaa, sio machanga. Yapige, yakwangue kwa mgongo wa panga mpaka nyama ya kijani itoke yote, uoshe, uanike kivulini siku mbili. Kisha sokota juu ya paja, nyuzi mbili upande mmoja, halafu uzikunje zijisokote zenyewe kwa kinyume. Hiyo kamba haivutiki. Kamba isiyovutika ndiyo jiwe linaiamini. Mwisho wa kamba moja fanya kitanzi cha kidole, mwisho wa nyingine piga fundo la kushika na kuachia.

Urefu hauulizwi, hupimwa kwa mwenye kombeo. Likunje, shika ncha zote mbili, uache mkono uning'inie. Kitako kisiguse majani. Kikigusa, ni kombeo la mtu mwingine.

Kuhusu la Yonas, lile liligugunwa na panya. Akirudi utamuuliza mengine mwenyewe.

Mimi baba yako,
Gidahosh


Maretadu,
11 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Ndama Jumapili nimempenda kabla sijamwona. Sisi ni wazima, ila mimi nimejikuna wiki nzima. Hukuniambia kwamba maji ya mkonge yanawasha! Mikono ilivimba, Hilary akapika siku tatu, na watoto sasa wanajua ugali wa baba yao unaweza kusimamishia mlango.

Nimekwangua, nimeosha, nimeanika. Kusokota ndiko kulikonishinda. Paja langu limekuwa jekundu na kamba ikawa na matumbo hapa na pale. Niliisuka hivyo hivyo nikaweka kipande cha ngozi, nikaenda shambani. Jiwe la kwanza lilikwenda nyuma yangu likavunja ndoo. Tumbili walikuwa juu ya mti, walinitazama tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia, na sikujua kilio kimeletwa na nini.

Jaribio la nne ni zuri zaidi. Nimekuwekea humu kamba moja, ile ya upande wa kitanzi, uivute kwa mikono yako uniambie kama jiwe litaiamini. Usinionee huruma.

Baba, juu ya plastiki umeandika maneno mawili tu. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia unasema maneno mawili juu ya kitu chochote. Juu ya vitunguu vya Rogers umesema zaidi. Haiozi, mvua haiiharibu, na watu wanaitumia. Kwa nini hapana?

Na Ernestina bado anatenga sahani? Baba, ana miaka thelathini na moja.

Sijafika nyumbani tangu Januari mwaka jana, najua. Kazi ni nyingi.

Kornelia


Hirbadaw,
8 Juni 2025

Kornelia,

Salamu umepata. Kamba yako ni nzuri. Nimeivuta, haina matumbo, umesokota kwa mkono uliotulia. Ningependa niishie hapo.

Niliingiza kidole kwenye kitanzi, nikasimama mlangoni, nikauacha mkono uning'inie. Kamba ililala chini kwa zaidi ya shubiri. Nikafikiri magoti yamenipinda, nikaegemea nguzo, nikajinyoosha. Bado ililala chini. Mimi sio mfupi, Kornelia, na wewe unanifika hapa kifuani. Ukienda shambani na kombeo hili utaburuta kitako kwenye maharage.

Katika ukoo huu ni mtu mmoja tu mwenye mkono wa kamba hii.

Basi hakuna tumbili. Au wapo, lakini sio wao uliowasokotea. Nimekaa siku tatu nikijiuliza unataka kumpa nani kombeo la kaka yako wakati mwenyewe hayupo. Siku ya nne nilimwona katekista Nicodemo barabarani. Aliponiona alivuka upande wa pili. Nikajua.

Kwetu huzikwa mtu. Haizikwi kamba. Mtu asiyeonekana hajafa, hajaonekana tu. Usiniandikie tena habari ya makombeo.

Gidahosh


Maretadu,
22 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Umenishika. Nilisahau kwamba ninamdanganya mtu anayepima watu kwa kamba.

Ni kweli. Tumbili wapo, lakini kombeo ni la Yonas. Nilitaka nilisuke kama lile la zamani, kwa urefu wake, nije nalo nyumbani, tulizike pembeni ya Mama, katekista aombe, watu wale, watu walie, watu waende makwao. Nilimwomba Nicodemo kwa simu na akakubali. Usimchukie.

Baba, niache niseme. Tope lilishuka kutoka Mlima Hanang Jumapili alfajiri, tarehe tatu Desemba, likaingia Jorodom watu wamelala. Nyumba aliyolala Yonas haikubaki hata mlango. Tulichimba na wanajeshi na majirani, tukazunguka hospitalini, tukafunua shuka baada ya shuka. Ulikuwa pale. Ulimkuta mwenye nyumba, ukamtambua kwa mkanda wake. Yonas hatukumpata. Miezi kumi na nane imepita. Mtu mwenye miguu mirefu vile, kutoka Katesh mpaka Hirbadaw angekuwa ameshafika.

Mimi sina haraka ya kumzika kaka yangu. Nilibebwa mgongoni na yeye kuvuka mto kila mvua, mpaka nikawa msichana wa kuona aibu. Ninachokisema ni cha Ernestina. Alinipigia simu mwezi wa pili, akaniuliza kama ni dhambi kutamani mtu apatikane amekufa. Akasema, "Wifi, siwezi kulia. Nikilia mbele ya Baba, nitakuwa mimi ndiye niliyemuua." Kwa hiyo anatenga sahani. Unaona mke mwema, mimi naona mtu amefungwa.

Ile kamba irudishe kama huitaki. Au ibaki nayo.

Kornelia


Maretadu,
14 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Tumevuna. Mahindi magunia kumi na moja, maharage sita. Hilary anasalimu.

Miezi karibu mitatu hujajibu. Rogers ananiambia kila siku ya mnada unakuja mpaka stendi, unashika mfuko wako wa koti, unamtazama, halafu unarudi. Anasema mara ya mwisho alikufuata akakuuliza, "Mzee, una mzigo?" ukamjibu kwamba ulikuja kuangalia magari.

Baba, mimi nina hasira na wewe. Sijawahi kukuandikia neno hili, lakini ndiyo sababu sijafika nyumbani, sio kazi. Nina hasira na sikuambii yote kwa sababu nikianza sitajua pa kuishia. Niambie wewe kwanza. Mfukoni una nini?

Mwanao bado,
Kornelia


Hirbadaw,
19 Oktoba 2025

Kornelia mwanangu,

Marahaba, za siku nyingi. Magunia kumi na moja sio haba. Hapa kiangazi kimetubana, maji tunayafuata mbali, ng'ombe mweupe amekufa. Ernestina amekonda. Nimemtazama vizuri baada ya barua yako, nikaona kweli amekonda. Nilikuwa simwangalii.

Uliuliza kwa nini plastiki hapana. Nitakuambia, na ukimaliza kusoma ufanye unavyotaka juu yangu.

Jumamosi ile, tarehe mbili, Yonas alikwenda Katesh asubuhi. Mimi nilikuwa nimemtuma. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukataa, kukwangua mkonge siwezi tena, na kombeo lake lilikuwa limeliwa na panya. Nikamwambia aniletee katani ya dukani nimsukie jipya, la mwisho, maana niliona mikono yangu inakwenda. Akarudi saa sita na kamba ya plastiki. Ya bluu. Mita nane. Alikuwa na furaha nayo. Akasema, "Baba, hii haiozi. Hata mimi nikizeeka itakuwepo."

Walikuwepo watu wawili uani, walikuja kuangalia dume. Nilitaka wacheke. Nikasema mbele yao, "Hii ni ya kuanikia nguo za wanawake. Nimezaa mchungaji au nimezaa dobi?" Wakacheka. Nikaitupa kwenye boma la ndama. Nikamwambia arudi leo leo akaibadilishe, asinitazame usoni mpaka awe na katani mkononi.

Hakunijibu vibaya. Alitabasamu, akatikisa kichwa, akapanda pikipiki ya mtu. Hata ile kamba ya kubadilisha hakuichukua. Duka la katani ni la Msabato, Jumamosi limefungwa; nililijua hilo, nikalisahau asubuhi, na mchana hasira ikanifumba macho. Akalala Jorodom, karibu na Katesh, kwa rafiki yake, ili anunue Jumapili asubuhi.

Hiyo ndiyo habari. Watu wote niliwaambia alikwenda kumsalimia rafiki yake. Ernestina alikuwa kisimani, hajui. Hakuna anayejua ila wale wawili, nao hawajawahi kurudi hapa.

Sasa tazama, Kornelia. Mwezi wa nne nilikuandikia mwenyewe kwamba katani ya duka inafaa kufungia mbuzi. Mkono wangu uliandika hivyo na sikuona. Nimekuja kuona mwezi wa saba, nikiwa nimelala. Nilimrudisha mwanangu Katesh kwa ajili ya kamba ambayo hata mimi siithamini. Majuto ni mjukuu, wanasema, mimi wangu amekua na ananipiga.

Ndiyo maana nilikataa kaburi. Sio kwamba naamini atarudi. Siku tuliyomtambua rafiki yake kwa mkanda nilijua. Lakini kukiwa na kaburi, kuna siku moja mtu ataniuliza alikwenda Katesh kufanya nini.

Kamba ya bluu niliitoa bomani jioni ile ile, kabla ya habari, nikaiosha, nikaificha. Nilitaka akirudi nimwambie basi, tuijaribu. Ndiyo iliyokuwa mfukoni mwangu stendi. Ninakutumia yote, mita nane. Ya mkonge nimekurudishia pia, usiitumie kwa Yonas, muwekee Belinda ukiipunguza.

Sikiliza namna ya kuifanya, maana plastiki sio mkonge. Inateleza. Isuke nyuzi tatu, ukaze kuliko unavyofikiri. Fundo lipige mara mbili, kisha ncha uzichome kwa kaa la moto zishikane, zisifumuke. Kitako nimekukatia mwenyewe, ngozi ya ng'ombe mweupe, nimeilainisha kwa samli. Vidole viliuma lakini vilikubali.

Na urefu ongeza vidole viwili. Ulipima kwa kukumbuka. Alikuwa mrefu zaidi.

Baba yako,
Gidahosh


Maretadu,
2 Novemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa, nikaisoma tena. Hilary aliniuliza kuna msiba? Nikamwambia ndiyo, ni ule ule.

Baba, nilijua.

Ulidhani hakuna anayejua. Nilijua tangu Jumamosi yenyewe. Yonas alinipigia simu saa moja jioni akiwa Jorodom. Ndiyo hasira niliyokuwa nayo na wewe. Miaka miwili nimekaa Maretadu nikisubiri useme, na ulipokuwa ukiniandikia "akirudi, akirudi" nilitaka kuichoma barua. Kombeo nililianza kwa ajili ya Ernestina, sikudanganya, lakini pia nilikuwa nakuchokonoa. Nilikuuliza juu ya plastiki mara mbili. Nilijua kidonda kilipo nikaweka kidole. Nisamehe.

Sasa sikiliza na mimi, maana mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alipopiga simu hakuwa amekasirika. Alikuwa anacheka! Alisema, "Mzee kanitimua na kamba yangu mbele ya wageni, ameniita dobi." Akaiga sauti yako, unajua alivyokuwa akikuiga. Akasema kesho atakununulia katani yako ufurahi, lakini ile ya bluu ataisuka mwenyewe kwa siri, na siku moja atageuza ng'ombe wote kwa mshindo mmoja mbele yako, halafu akuonyeshe ni kamba gani. Nilicheka naye.

Halafu akasema duka limefungwa, na kuna pikipiki inayokwenda Hirbadaw sasa hivi. Akaniuliza, "Nirudi tu mikono mitupu, au nilale?"

Baba, mimi ndiye niliyemwambia alale. Mvua ilikuwa inanyesha, niliogopa pikipiki na utelezi. Nikamwambia, "Lala huko, kaka, ununue asubuhi, mzee asikupigie kelele mara mbili." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Akasema, "Haya, mdogo wangu mfupi," akakata simu.

Wewe ulimtuma, mimi nilimlaza. Nilikukasirikia wewe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujitazama. Wewe una wale wawili uani wanaojua. Langu halijui mtu, hata Hilary, mpaka leo.

Kombeo nimelisuka. Nyuzi tatu, nimekaza mpaka kucha zikatoka damu. Ncha nimezichoma. Niliongeza vidole viwili, nikapanda juu ya kigoda, nikauacha mkono uning'inie, kitako kikaishia juu kidogo ya ardhi, vizuri kabisa. Nilibaki nimesimama juu ya kigoda pale, Baba, muda mrefu.

Nakuja nalo. Tarehe tatu Desemba ni Jumatano. Mimi nitamwambia Ernestina yangu, na wewe utamwambia yako. Asipotusamehe tutakuwa wawili.

Kornelia wako


Hirbadaw,
7 Desemba 2025

Kornelia mwanangu,

Natumaini mlifika salama na Belinda hakutapika njiani. Hapa mvua imeanza. Ndama Jumapili ameanza kwenda malishoni na wakubwa, ana kiherehere.

Mlipoondoka Alhamisi niliona kuna mambo hatukuongea, kwa sababu watu walikuwa wengi, na mimi watu wakiwa wengi naona midomo tu.

Ernestina bado hajaniambia neno juu ya nililomweleza. Asubuhi ananiletea uji kama kawaida, anauweka chini, anatoka. Sijui kama amenisamehe, na simuulizi. Ijumaa nilimwona amekaa kaburini amevua viatu.

Uliniuliza kwa ishara, pale tulipokuwa tunafukia, kama ninasikia. Nilikutikisia kichwa kwamba hapana. Ni kweli sikusikia kitu. Katekista alisogeza mdomo, wewe ulisogeza mdomo, nikalishusha kombeo la bluu mwenyewe, nikaweka na jiwe juu ya kitako, la mviringo, la kumtosha mkononi. Halafu Ernestina akafungua mdomo. Sikusikia, Kornelia. Lakini niliinua macho, na kule bondeni ng'ombe wote walikuwa wamegeuza vichwa.

Hapo nami nikalia. Nilimkosea mwanangu na nililia mbele za watu, nami sioni aibu.

Jambo la mwisho. Jioni mlipokwisha kuondoka tulikula wawili. Ernestina alipakua ya kwangu, akapakua ya kwake, akaosha sufuria, akaingia kulala. Mimi nilibaki nimekaa pale jikoni. Nilikuwa namsubiri aitenge ile sahani.

Baba yako,
Gidahosh